Shikamoo, Mwenyekiti

Bi Mwajuma tumemzika mwezi uliopita na mimi sikulia. Nasema mapema ili mtu asije akakaa kunisubiria machozi. Nilikaa jamvini na wanawake wenzangu, kanga kichwani, nikawasikiliza wakimsifu marehemu: mpole, mkarimu, mwanamke wa subira. Subira! Nilibana kicheko mpaka mbavu zikauma. Hawakumjua. Mie nilimjua, kwa sababu mwaka wangu wa ishirini na mbili niliuishi kwenye nyumba yake, chumba cha mwisho mkono wa kushoto, Temeke huko nyuma ya Tandika, kwenye mtaa ambao jina silitaji maana watu wake wengi bado wako hai na wana midomo. Mwaka ule nilimwona mwanamke huyo mpole akimbana kiongozi aliyepeleka vijana vitani kwa uongo, akambana mpaka akasema ukweli mbele ya mtaa mzima, na hakutumia kitu kingine ila salamu. Niliona pia mtaa ulivyofanya baada ya kuusikia ukweli wenyewe. Basi waliponipakulia pilau pale msibani nilikula, nikashiba, na mawazo yangu yakawa yamesharudi zamani uani kwake.

Nyumba haikuwa na dari. Kuta ziliishia chini ya bati, kwa hiyo aliyepiga chafya chumba cha kwanza alipewa pole kutoka chumba cha sita. Mimi nilikuwa mpangaji, nafunga biskuti kiwandani Chang'ombe zamu ya asubuhi, saa tisa alasiri nimesharudi. Nilianza kwa kujipikia kwenye jiko langu la mkaa mlangoni, wiki ya pili Bi Mwajuma akanipigia kelele: "Atu, hebu acha kujifanya Mzungu na kisahani chako kimoja, njoo ule na watu!" Tangu siku ile nilikula nao, mkekani, katikati ya uani, kisamvu cha nazi, dagaa, muhogo wa kuchemsha, na siku za sikukuu pilau ambayo mpaka leo sijaipata mahali pengine. Mumewe, Baba Idi, alikuwa mlinzi wa ghala Kurasini, mtu wa kuitika zaidi kuliko kusema. Na Idi mwenyewe, mtoto wao pekee, miaka ishirini, mbeba marobota ya mitumba sokoni. Hakuwa malaika, tusidanganyane. Alikuwa ananiibia mkaa. Alikuwa anazima redio yangu ili ya kwake isikike vizuri, na nikigomba ananijibu, "Sista, hasira za Mbeya ziache Mbeya!" Lakini nilipoumwa malaria yeye ndiye aliyenichemshia uji, mbaya kweli, una madonge, na alisimama mlangoni mpaka nikaumaliza.

Mwenyekiti wetu wa serikali ya mtaa alikuwa anaitwa Kulwa. Mrefu, mwembamba, kofia ya kufuma kichwani, raba nyeupe miguuni, na alikuwa anachekesha. Hilo mlishike. Watu wanadhani mwongo mkubwa anakuwa na uso wa kutisha, wakati Kulwa akikaa nawe dakika mbili umeshasahau ulichokuwa umemkasirikia. Yeye Mnyamwezi wa Tabora, Bi Mwajuma Mzaramo, na makabila hayo mawili ni watani tangu enzi za mababu zao. Kila asubuhi akipita barazani kwetu kwenda ofisini kwake lazima wachokozane. "We bibi, bado hujafa tu? Sanda nimeshainunua, inaliwa na mende!" Na yeye, bila kuinua kichwa kwenye ungo: "Nife nikuachie mji, mbeba mizigo we? Ulikuja Pwani na mzigo kichwani, utarudi kwenu na mzigo kichwani!" Utani hata kwetu upo, lakini huu wa kwao ulinitisha mwanzoni. Bi Mwajuma ndiye aliyenieleza. Mtani akikutusi, unacheka. Akiingia jikoni akabeba sufuria lako, unacheka. Na kwenye msiba ndiyo kabisa, anakuja kumwigiza marehemu wako, anavaa nguo zake, anaanika aibu zake zote mbele ya watu, na wewe mfiwa hupewi ruhusa ya kununa. "Ukimkasirikia mtani umejitia aibu mwenyewe," aliniambia huku anapepeta mchele. Nikasema haya, kila watu na mambo yao.

Nyuma ya nyumba zetu kulipita kijito ambacho mvua zikikatika kinabaki mchanga mtupu. Mtaa wa upande wa pili tuliuita Ng'ambo. Mchanga mzuri ulikuwa upande wao, malori ya kununua mchanga wa ujenzi yalikwenda kwao, na vijana wao ndio waliokuwa wanavaa jinzi mpya. Kulwa alikuwa na shemeji mwenye malori. Haya hayakuwa siri, yalikuwa yanasemwa kwenye foleni ya maji. Basi asubuhi moja paka akakutwa amekufa pembeni ya pampu ya kisima cha mtaa, na wiki hiyo hiyo watoto wawili watatu walikuwa wanaharisha. Paka wanakufa Temeke kila siku, na watoto wanaharisha kila embe zikiiva. Lakini siku ile ile, kabla ya adhuhuri, tuliitwa mkutano mbele ya ofisi, na Kulwa, bila mzaha hata kidogo, akainua juu chupa ya soda yenye kitu cha kijani ndani yake. "Ndugu zangu, sina maneno mengi. Hii imeokotwa kisimani kwetu. Hii ni sumu, na imetoka Ng'ambo, na nina taarifa za uhakika. Leo kafa paka. Kesho?" Akatuachia wenyewe tujaze. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akaanza kupiga mayowe. Kulwa akainua mkono. "Mimi sisemi twende tukapigane. Sisi ni watu wa amani. Nasema vijana waende wakawaulize." Kijana mmoja akapaza sauti, "Twende na nini, Mwenyekiti?" Akajibu, "Nendeni na chochote mtakachoona kitawafanya msikilizwe." Watu wakacheka. Nilikuwepo, siku hiyo sikuwa na zamu, nilikisikia kicheko hicho.

Vijana walikubaliana kukutana baada ya chakula. Walikwenda kwanza kula! Nalikumbuka jambo hili kuliko mengine yote. Idi alikaa mkekani akala muhogo na samaki wa nazi, akafuta sahani, akavuta na bakuli la baba yake lililokuwa limefunikwa, akalifunua. Mama yake akamnasa kofi la mkononi. "Umekula na ya baba yako, mlafi we! Tumbo kama kisima!" Idi akacheka, akajifuta mdomo kwa upindo wa kanga ya mama yake, akachukua panga la kukatia nazi lililokuwa limeegemezwa ukutani, akatoka. Baba Idi alikuwa amelala chumbani, ametoka zamu. Bi Mwajuma akabaki analalamika kuhusu samaki mpaka mchuzi ulipoganda kwenye bakuli. Hakumuuliza panga la nini. Alijua, wote tulijua, walikuwa wanakwenda kuuliza.

Walimrudisha kabla ya alasiri, juu ya mkokoteni wa mchanga. Mtu wa Ng'ambo alimpiga beleshi kisogoni. Na upande wao alikufa mzee mmoja fundi baiskeli, mtu aliyekuwa amekaa kwenye kigoda chake akiziba pancha, ambaye hata huo mchanga hakuwa anachimba. Usiku ule hakuna aliyetuambia nani alimpiga mzee. Tulisikia kesho yake, tukiwa jikoni tunasonga ugali wa waombolezaji. Rafiki zake Idi walikuwa wamekaa koridoni na vikombe vya chai yetu mkononi, mmoja akawa anawasimulia wengine kwa kujisifu kabisa: "Idi ndo alifungua. Yule mzee alinyanyua pampu ya baiskeli, Idi akamshushia moja tu." Bi Mwajuma alikuwa ameshika mwiko. Aliendelea kusonga. Alisonga mpaka ugali ukawa mgumu kama tofali, ikabidi nimnyang'anye mwiko.

Mchana huo huo, baada ya maziko, Kulwa akaja kama mtani. Mtu mwingine angeona haya, angejifungia ndani. Yeye alikuja na raba zake nyeupe, akaingia moja kwa moja mpaka chumbani kwa Idi, akatoka amevaa jezi ya Idi, ile ya mistari, fupi kwake, kitovu nje. Watu wakaanza kucheka hapo hapo. Akachukua mwiko akaufanya panga. Akakimbia kuzunguka uani kwa mwendo wa Idi, ule wa kutupa mguu wa kulia nje, alimpatia kabisa. Akasimama penye sufuria la wali, akafunua, akaonja, akafunika, "Mama, baba kala?" kwa sauti ya Idi mwenyewe. Watu walikuwa wanashikana mabega wasianguke. Bi Mwajuma alicheka, nilimwona, alicheka machozi yakimtoka na kamasi, na nikafikiri labda hii ndiyo kazi ya utani, kumfungulia mtu kifua. Kisha Kulwa akajipiga kisogoni kwa mwiko, akaanguka kifudifudi, akalala. Kicheko kikapanda zaidi. Akageuza uso, shavu likiwa mchangani, akasema kwa sauti ya Idi: "Mama, mwenzio nimekufia paka!" Akanyanyuka, akajipangusa, sasa kwa sauti yake mwenyewe: "Wazaramo nyie wajinga sana! Sumu gani? Ile chupa dawa ya choo, nimeitoa chooni kwangu! Ukimwambia Mzaramo hata mwezi umetiwa sumu atabeba panga!" Watu wakalipuka. Wazee wenye ndevu nyeupe walikuwa wanapiga mapaja. Bi Mwajuma peke yake alikuwa ameacha kucheka. Mdomo wake ulibaki wazi kama alivyokuwa anacheka, lakini sauti haikuwa inatoka.

Nimeishi, nimezeeka, nimeona kwenye televisheni wakubwa wa mataifa makubwa wakionyesha picha na michoro, wakisema wana taarifa za uhakika za silaha zilizofichwa, vijana wakienda kuuliza kwa mabomu. Baadaye kinachotafutwa hakionekani. Wanaitwa kwenye tume, wanakaa na bilauri ya maji mbele yao, wanasema tulifanya kwa nia njema kulingana na taarifa tulizokuwa nazo. Wengine wanatania kabisa, wanachekesha ukumbi, na ukumbi unacheka. Mume wangu huwa ananikuta nimesimama mbele ya televisheni nimeshika ufagio, ananiambia, "Mama Neema, hao hawakusikii." Najua hawanisikii. Lakini sauti ile naijua, niliisikia uani Temeke ikiwa imevaa jezi ya marehemu.

Arobaini ilipopita Bi Mwajuma alivaa baibui lake zuri akaniambia nimsindikize kwa Kulwa. Njiani alinieleza anachotaka, na hakikuwa kikubwa. Hakutaka Kulwa afungwe. Vijana watatu wa mtaa wetu walikuwa wameshafungwa kwa kifo cha yule mzee, na hilo halikumrudishia mtu chochote. Yeye alikuwa amevuka kijito siku chache nyuma, amebeba kilo za mchele, kumpa pole mjane wa fundi baiskeli. Mjane hakuupokea mchele. Alimuuliza mlangoni, "Mwanao alimuua mume wangu kwa ajili ya sumu ipi? Nionyeshe." Bi Mwajuma alirudi na mchele wake. "Nataka aseme," aliniambia. "Kwa mdomo wake, mchana, watu wakisikia, na asiwe anacheka. Akisema nitavuka tena niwaambie, mwanangu aliua lakini alidanganywa. Basi. Nitalala."

Sebuleni kwa Kulwa kulikuwa na makochi yenye vitambaa vya kufuma kila mkono, na picha yake amepeana mkono na mtu wa suti. Mkewe alituletea juisi ya ukwaju. Kulwa alianza kama kawaida, "Ohoo, mchawi wangu kaja, ficheni watoto!" Bi Mwajuma alikaa kwenye ncha ya kochi. Alimwambia alichokuja kukitaka, maneno machache, mikono magotini. Kulwa alimsikiliza, akatabasamu, na tabasamu lile lilikuwa la upole kabisa. "Mtani wangu, ule ulikuwa utani. Tangu lini utani ukawa na kesi? Ukienda popote ukasema Kulwa alisema vile msibani, watakuuliza alisema kama nani. Alisema kama mtani. Basi yameisha. Kunywa juisi." Na alikuwa sahihi. Bi Mwajuma alikwenda kwa wazee wa mtaa, mmoja baada ya mwingine, na wote walikuwepo msibani, wote walisikia, na wote walimwambia vile vile: utani haugeuzwi kesi. Mmoja wao, mjomba wake wa damu, alimuonya asije akaaibisha kabila.

Siku iliyofuata nilikuwa zamu ya jioni kwa hiyo nilikuwepo barazani. Kulwa akapita. "We kikongwe, sanda yako..." Bi Mwajuma aliinuka. Akashika kanga yake vizuri, akainama kidogo, akasema, "Shikamoo, Mwenyekiti." Lazima mwelewe kwamba Bi Mwajuma alimzidi Kulwa miaka mingi, angeweza kuwa dada yake mkubwa aliyembeba mgongoni. Mkubwa hamwamkii mdogo. Na mtani ndiyo kabisa haamkiwi shikamoo, anaamkiwa kwa matusi. Kulwa alisimama na mguu mmoja mbele. Akacheka, "Acha mambo yako, bibi." Bi Mwajuma akarudia, polepole, kwa heshima yote: "Shikamoo, Mwenyekiti." Akisema marahaba amejikubali mkubwa kwa mtu aliyemzidi, na amekubali kwamba hawataniani tena. Asiposema, amemnyima mtu mzima salamu. Akaondoka. Kesho yake tena. Kesho kutwa tena. Sokoni, kisimani, mbele ya wageni wake, mlangoni pa msikiti wanaume wakitoka, mwanamke mzima anainama, "Shikamoo, Mwenyekiti." Hakuongeza neno jingine. Kulwa alianza kupita njia ya nyuma, kwenye madimbwi, na raba nyeupe zikawa za kahawia. Mie nilifurahi, sifichi. Kila aliporudi ndani nilimuuliza, "Leo je?" na yeye ananijibu, "Leo amejificha dukani kwa Mpemba," tunacheka mpaka tunakaa chini. Ni mara chache nimemwona binadamu akiteswa kwa adabu namna ile, na nilitamani iendelee mwaka mzima.

Ng'ambo nao walikuwa hawajakaa kimya. Walikwenda kulalamika juu, na juu wakamtuma mtendaji wa kata aje kuuliza mtaa kama bado una imani na mwenyekiti wake. Mkutano ukaitwa Jumamosi asubuhi, mbele ya ofisi ile ile. Watu walijaa. Mtendaji, kijana mwenye miwani, akauliza kama kuna mwenye neno. Bi Mwajuma akasimama. "Shikamoo, Mwenyekiti," akasema. Kulwa alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki pembeni ya mtendaji, na mtendaji, ambaye hakujua lolote, akamgeukia akamnong'oneza kwa sauti ambayo wa mbele tuliisikia: "Itikia, mzee, mama anakuamkia." Kulwa akatuangalia. Akajaribu kutabasamu, akatafuta mtu wa kutabasamu naye, hakupata. Akasema, "Marahaba."

"Ahsante," Bi Mwajuma akasema. "Sasa umeitikia kama mkubwa, nijibu kama mkubwa. Mie si mtani wako. Kisimani kulikuwa na sumu au hakukuwa?"

Nilimshika mkono mwanamke aliyekuwa karibu yangu, simjui hata jina. Kulwa alivua kofia yake, akaikunja, akaitia mfukoni. Alipozungumza hakukuwa na mzaha wowote kwenye sauti yake, na mie nikafikiri, tumemshika, Mungu mkubwa, tumemshika. "Hakukuwa," akasema. "Chupa ilikuwa yangu. Hakukuwa na sumu." Mtendaji aliacha kuandika. Kulwa akasimama. "Na nyie mlijua." Akanyoosha kidole, akakizungusha taratibu toka mwisho huu mpaka mwisho ule. "Mkutano ule uliisha saa sita. Mama Rehema, ulichota maji saa ngapi? Saa saba ulikuwa na ndoo mbili kichwani, nilikupisha njia. Wewe fundi cherehani, ulikuwa unanawa pale pale. Bi Mwajuma, samaki wa mwanao ulimpikia maji ya wapi? Kuna hata nyumba moja hapa iliyoacha kuchota? Mtu anayeamini kisima kina sumu anakinywea?" Nilikumbuka uani kwetu siku ile, madumu yamejaa mpaka shingoni. "Mchanga mliutaka," Kulwa akasema. "Mimi niliwapa sababu. Sasa Ng'ambo wanaogopa kushuka kijitoni, malori yanapita kwetu, watoto wenu wanapakia, jioni wanarudi na unga. Mkiona mimi ni muuaji, nitoeni. Lakini mkinitoa mseme na waliokwenda na mapanga walikwenda kufanya nini." Akakaa.

Mtendaji alikohoa, akasema basi, wanaotaka Mwenyekiti aendelee wanyooshe mikono juu. Mwanzoni hakuna. Halafu mkono mmoja, wa mama wa kijana mmojawapo kati ya wale watatu waliofungwa. Ikafuata mingine, polepole, hakuna aliyemwangalia mwenzake, mjomba wa Bi Mwajuma, fundi cherehani, rafiki zake Idi wote kwa pamoja, mikono ikawa mingi mpaka sikuweza kuwaona watu waliokuwa nyuma ya mikono hiyo. Bi Mwajuma alikuwa bado amesimama. Alikuwa anazungusha macho kama anayetafuta mtoto kwenye umati, kisha macho yakasimama mahali, nikafuata anapoangalia. Baba Idi alikuwa ameegemea ukuta wa ofisi, na sare yake ya ulinzi. Mkono wake ulikuwa juu.

Tulirudi nyumbani mimi na yeye. Nilitegemea ajifungie, avunje vyombo, alie, maana mie ningevunja. Alikwenda jikoni. Alikuna nazi, akatia wali, akakaanga samaki, akanituma limau. Baba Idi alirudi jua likiwa limesimama juu ya uani, akavua viatu, akakaa mkekani mahali pake. Nilitaka kuondoka, Bi Mwajuma akaniambia, "Kaa, ule." Akaleta wali, akaleta samaki, akaleta jagi na beseni la kunawia. Mzee yule aliyekuwa haongei akaongea, macho yake kwenye mkeka: "Ulitaka nifanye nini, Mwaju? Tukimtoa Kulwa kwa uongo, mimi nikiulizwa mwanangu kafia nini, niseme nini?"

Bi Mwajuma alipiga goti mbele yake, kama mke yeyote anavyompigia mumewe goti akimnawisha, akainamisha jagi.

"Kafa bure, Baba Idi," akamwambia. "Nawa, ule."

Akanawa, akala.